Kusoma Makaburi ya Pwani: Utangulizi

Elimu ya makaburi ya kale imegawanyika mikononi mwa wengi. Mwanaakiolojia anayo sehemu yake, mtafiti wa nyaraka anayo yake, fundi wa chokaa anayo yake, na bibi wa mtaani anayejua nani kalala chini ya mbuyu gani anayo sehemu ambayo hao wengine hawataipata kwa njia nyingine yoyote. Akifa bila kuulizwa, imekwenda. Kurasa hizi ni za kukukutanisha na watu hao wote, na ni haki yako kujua mapema msimamo unaoniongoza: kaburi linapokarabatiwa, anayestahili kurudishiwa hadhi ni aliyelala ndani. Jiwe ni njia ya kumfikia. Ukarabati uliosimamisha nguzo iliyoanguka huku jina, ukoo na ziara ya marehemu vikiendelea kupotea, mimi nauhesabu kuwa nusu ya kazi.

Tuanze na kilichopo. Ukishuka pwani kutoka visiwa vya Lamu hadi Kilwa utapita Takwa kisiwani Manda, Mambrui, Malindi, Gede, Mnarani ya Kilifi, Tongoni kusini ya Tanga, Kaole karibu na Bagamoyo, Kunduchi kaskazini ya Dar es Salaam, na mwishowe Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Ukivuka kwenda Pemba utaikuta Ras Mkumbuu. Kote huko yamo makaburi yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe: ukuta mfupi wa mstatili unaolizunguka kaburi, umepigwa lipu ya chokaa, sehemu nyingine umechongwa nakshi, na juu ya baadhi yake imeinuka nguzo ya mviringo, ya mraba au yenye pembe nane. Nguzo za namna hii huzikuti Uarabuni wala Uajemi. Ni ubunifu wa watu wa pwani wenyewe. Tongoni peke yake ina makaburi kama 40, na hakuna mahali pengine penye kundi kubwa namna ile la makaburi ya nguzo, ijapokuwa nyingi zimekwisha kuanguka na bahari inazidi kusogea.

Sogea karibu na nguzo iliyobaki, uinue macho. Utaona vishimo vya duara vilivyopangwa kuizunguka, kila kimoja upana wa bakuli la mchuzi. Humo walipachika vyombo vya kauri kutoka China lipu ikiwa ingali mbichi. Vingi vimeng'olewa na wapita njia na wakusanyaji wa vitu vya kale. Mara nyingine aliyebandua alivunja, ukingo mwembamba wa kijani au wa buluu ukabaki umeng'ang'ania chokaa, na kwa ukingo huo tu mtaalamu wa kauri anaweza kukutajia karne. Lakini kabla ya kuuliza karne, uliza chombo kilitoka wapi kabla ya kufika kaburini. Bakuli la Kichina lilikuwa chombo cha nyumba ya watu wenye uwezo, cha kupakulia wageni. Naamini waliolipachika pale walikuwa wakisema jambo juu ya marehemu wao: huyu alikuwa na nyumba, na nyumba yake ilipokea watu.

Walioanzisha uchunguzi wa kisayansi wa magofu haya walikuwa na hamu kubwa ya tarehe, na haikuwa hamu ya bure. James Kirkman alianza kuchimba Gede mwaka 1948. Kaburi moja huko lina mwaka wa Hijria 802, yaani 1399, uliochongwa kwenye lipu. Kaburi lenye tarehe ni hazina kwa mchimbaji: kwa hilo moja aliweza kupima umri wa vigae vilivyofukiwa chini yake na juu yake, kisha akapima vigae kama hivyo katika miji mingine. Neville Chittick naye alifanya kazi Kaole na kisha Kilwa kwa miaka mingi. Elimu yetu yote imesimama juu ya vipimo vyao. Hata hivyo katika vitabu vyao marehemu ni nadra kuonekana. Kaburi lilipewa aina, vipimo na mchoro, na watu wake wakahesabiwa kuwa wageni waliokuja na ustaarabu wao kwa jahazi. Kitabu cha Kirkman cha mwaka 1954 kimeiita Gede, kuanzia kwenye jalada lake, mji wa Waarabu. Ilibidi tungoje uchimbaji wa Mark Horton katika mji wa kale wa Shanga miaka ya 1980, na kazi za wasomi wa hapa kwetu kama George Abungu, Felix Chami na Chapurukha Kusimba, ndipo miji hii ikarudishwa kwa waliojenga: jamii za Kiafrika za pwani zilizosilimu, zikafanya biashara na kuoana na ng'ambo.

Wala usidhani kuwa kuyatafakari makaburi haya kulianza na watu wa kuchimba. Karne moja na zaidi kabla ya Kirkman, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi, akiyatazama magofu ya Pate na kuwauliza mabwana wa majumba yale wako wapi sasa. Alikuwa akiwazungumzia watu wa mji uliokuwa karibu naye kwa damu na kwa kumbukumbu. Swali lake ndilo swali la kwanza la taaluma hii, na ninamtaja hapa kama mtangulizi wetu kwa maana kamili ya neno hilo.

Ukitaka kuona kaburi lenye watu wake hadi leo, nenda Takwa. Mji ule ulihamwa katika karne ya 17. Nyumba zimebaki kuta, msikiti hauna dari, na nje ya ukuta wa mji lipo kaburi la nguzo lenye maandishi ya mwaka wa Hijria 1094, takriban 1683. Watu wa Shela, ng'ambo ya mlango wa bahari, wanajua kuwa wazee wao walitoka Takwa, na wameendelea kuvuka kwenda kusali kwenye kaburi lile na kumwomba Mungu mvua. Kwa mtu anayehesabu majengo tu, Takwa ni mji uliokufa. Kwa mtu anayehesabu ziara, kuna mtu mmoja Takwa ambaye hajawahi kuachwa peke yake kwa zaidi ya miaka 300.

Songo Mnara inatufunza jambo hilo kwa njia nyingine, kwa kuwa huko hakuna wa kusimulia. Mji ulijengwa mwishoni mwa karne ya 14 na ukaachwa mwanzoni mwa karne ya 16. Katikati yake paliachwa uwanja mkubwa wa wazi wenye makaburi, na nyumba zikaupakana. Jeffrey Fleisher na Stephanie Wynne-Jones walipochunguza ardhi ya uwanja huo kwa makini walikuta, kuyazunguka makaburi, sarafu ndogo za shaba za Kilwa na vijiwe vyeupe. Fikiri maana yake. Kijiwe cheupe hakina thamani sokoni, na mchimbaji mwenye haraka angekitupa pamoja na kifusi. Kiliokotwa na mkono wa mtu, kikaletwa kaburini, kikawekwa. Mwingine akaja siku nyingine akaweka chake. Majina ya waliozikwa hatunayo, na ya walioweka hatunayo pia, lakini kwamba walikumbukwa, tena na tena, hilo limethibitika. Mwanafunzi wangu akiniuliza kwa nini tunachekecha udongo wa makaburini kwa chujio la matundu madogo, jibu langu ni vijiwe vile.

Kuna mambo kaburi lenyewe litakueleza ukijua pa kutazama. Makkah iko kaskazini ya pwani yetu, kwa hiyo kaburi la Muislamu huku limelala mashariki kwa magharibi, na marehemu amelazwa ubavu wa kulia, uso kaskazini, kichwa mashariki. Ukikuta kaburi lililopinda kidogo, usikimbilie kusema alikuwa wa dini nyingine. Kibla kilikadiriwa, na makadirio hutofautiana. Pima urefu wa kila kaburi. Makaburi mafupi ni ya watoto, na katika maziara mengi ya zamani utayakuta mengi kuliko ulivyotegemea. Angalia lipo wapi: karibu na mihrabu, nje ya ukuta wa msikiti, ukingoni mwa mji au njiani. Angalia nani yuko karibu na nani. Mara nyingi makaburi yaliyobanana ni ya ukoo mmoja, na ukoo huo huenda bado unaishi kilometa chache kutoka hapo.

Sasa nikupeleke kwa fundi, maana hapa ndipo nia njema huharibu zaidi. Kwa miongo mingi makaburi ya kale yalizibwa nyufa kwa saruji. Saruji ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe na haipitishi unyevu. Jiwe la matumbawe lina vitundu tele. Hunywa maji ya mvua na chumvi ya upepo wa bahari, kisha huyatoa jua likiwaka. Ukiliziba kwa saruji, maji yanaingia kwa ufa wa pembeni na hayana pa kutokea. Chumvi inaganda ndani ya vitundu, inatanuka, na uso wa jiwe unabanduka vipande vipande huku kile kiraka cha saruji kikiwa kizima kabisa. Nimeona nakshi zilizostahimili karne tano zikimomonyoka namna hiyo pembeni mwa kiraka kipya, na inaumiza.

Dawa yake ni kurudi kwa chokaa. Mafundi wa zamani walipanga magogo duara, wakarundika matumbawe juu yake, wakachoma, kisha wakaiacha chokaa miezi kadhaa ipigwe na mvua na umande hadi ilainike. Chokaa iliyokaa hivyo huchanganywa na mchanga uliooshwa chumvi, ikapakwa kwa tabaka nyembamba, na kila tabaka ikafunikwa kwa kitambaa kibichi isikauke upesi. Kazi haina haraka. Haimfai mfadhili anayetaka picha kabla ya mwaka wa fedha kuisha. Ila ndiyo kazi inayodumu, na ina faida nyingine: fundi hulazimika kukaa na kaburi moja kwa siku nyingi, watu hupita, husimama, huanza kuzungumza juu ya aliyezikwa. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, zilizoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, ziliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na zikaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ambayo wenyeji walishiriki.

Vipi kuhusu mifupa yenyewe? Hili ni jambo zito, na nakuomba usilichukulie kama suala la vibali tu. Mafundisho ya Kiislamu yanampa maiti heshima ile ile ya aliye hai, hata mfupa wake. Kusimba na wenzake walipotaka kuchunguza maziara ya kale, kama ya Mtwapa, wenyeji walikubali kwa sharti kwamba mifupa izikwe tena ndani ya msimu ule ule, na ndivyo walivyofanya. Vinasaba vya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi vilichapishwa mwaka 2023 katika jarida la Nature. Ilionekana kuwa wengi wao walirithi damu ya Kiafrika, zaidi kupitia akina mama, na ya Asia, hasa Uajemi, zaidi kupitia akina baba, na kwamba kuchanganyika huko kulianza karibu na mwaka 1000. Wazee waliokuwa wakisimulia habari za Washirazi, wahenga wao waliotoka Uajemi, na kwa miaka mingi wakaambiwa na wasomi kuwa ni hadithi za kujikweza, walistahili kuombwa radhi.

Lakini itazame orodha ile ya watu 80 tena. Wengi wao walizikwa kwenye miji ya mawe, jirani na misikiti, katika makaburi ya waliojiweza. Mtumwa aliyechoma matumbawe ya chokaa yuko wapi? Mvuvi, mwanamke aliyeletwa kutoka bara, mkulima wa pembezoni mwa mji? Wao walizikwa chini ya rundo la udongo na kijiti, na mvua chache zilitosha kusawazisha. Tukizungumza juu ya watu wa pwani kwa ushahidi wa makaburi ya mawe peke yake, tunazungumza juu ya wachache. Mtafiti mwaminifu ataandika sentensi hiyo mwanzo kabisa wa ripoti yake.

Pengo hilo halikuishia na miji ya kale. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza peke yao waliandikisha Waafrika wapatao milioni moja kubeba mizigo ya jeshi katika Afrika Mashariki. Wanahistoria hukadiria kuwa waliokufa wanakaribia 100,000, wengi kwa njaa, uchovu, malaria na kuhara damu. Tume ya Uingereza iliyoundwa mwaka 1917 kutunza makaburi ya vita ilijiwekea kanuni ya usawa: kila askari aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, bila kujali cheo. Wapagazi hawakupata usawa huo. Sanamu za kuwakumbuka askari na wapagazi zilisimamishwa Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa mwishoni mwa miaka ya 1920, zina maandishi ya Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu, na hazina jina la hata mmoja wao. Ukifika Voi utayaona makaburi ya Wazungu yaliyopangwa mstari, yenye majina na nyasi zilizokatwa, na nje ya uzio ni vichaka. Mwaka 2021 tume hiyo ilikiri katika ripoti yake kwamba watu kati ya 116,000 na 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni.

Nayaweka makaburi haya ya vita katika elimu moja na yale ya Kaole na Tongoni kwa sababu yanatulazimisha kubadili zana. Hakuna nguzo ya kukarabati pale Voi. Cha kukarabati ni orodha: daftari za mishahara, fomu za kuandikishwa, barua za wamishenari, na kumbukumbu za koo ambazo bado zinasema babu fulani alichukuliwa na hakurudi. Mwaka 2025 huko Cape Town ilizinduliwa kumbukumbu ya vibarua wa jeshi wa Afrika Kusini, wengi wao weusi, zaidi ya 1,700, kila mmoja na nguzo yake ya mbao yenye jina lake. Inawezekana, kama karatasi zitatafutwa na wajukuu wataulizwa.

Juu ya kuwauliza wajukuu, somo zuri limetoka New York. Mwaka 1991, wakichimba msingi wa jengo la serikali, wajenzi walifikia mifupa ya Waafrika waliozikwa huko karne ya 17 na 18, wengi wao watumwa. Watu 419 walitolewa ardhini kabla ya sauti za Wamarekani weusi kuisimamisha kazi. Mifupa ilikabidhiwa timu ya Michael Blakey wa Chuo Kikuu cha Howard, naye akaanza kwa kuwauliza wanajamii wanataka kujua nini. Walitaka kujua watu hawa walitoka wapi Afrika, waliishije, walipingaje utumwa, na nini kiliwabadilisha. Maswali hayo ndiyo yaliyoongoza maabara. Mwaka 2003 wote 419 walizikwa tena, katika majeneza yaliyochongwa Ghana. Kila mpango wa ukarabati wa makaburi ya pwani unafaa kupimwa kwa utaratibu huu: nani aliulizwa kwanza, na swali lake liko wapi katika ripoti.

Ukitaka kuanza, usianze na Kilwa. Anza na makaburi ya mtaani kwenu, yale ya zamani yaliyosongwa na nyumba. Nenda kwa imamu au kwa mzee wa kanisa uombe ruhusa, na useme ukweli juu ya unachotaka kufanya. Vua viatu ukiambiwa uvue, na kama ni desturi, wasomee waliozikwa Fatiha kabla ya kufungua daftari. Chora ramani kwa penseli. Kila kaburi lipe namba, pima, andika maandishi yaliyopo jinsi yalivyo, hata yenye makosa ya tahajia. Usipake chaki wala mkaa ili maandishi yaonekane. Nenda alfajiri au jioni, jua la pembeni litakuonyesha. Usiokote kigae, usihamishe kijiwe. Kisha keti na wazee, uwasomee namba moja moja, usikilize. Uliza pia pale palipo patupu, pasipo na jiwe, nani alizikwa hapo. Ukimaliza, nakala moja iache msikitini au kanisani, nyingine kwa aliyekusimulia, na ya tatu ipeleke makumbusho ya karibu. Halafu rudi baada ya miezi michache, kwa sababu watu wakishaiona orodha ya kwanza huanza kukumbuka majina yasiyokuwamo.